Moyo Ulioitika Chini ya Lupando

Mafuko sita ya chuma, mashine zilizoundwa kwa mfano wa fuko, yule mnyama mchimbaji, yalishushwa kutoka tumboni mwa ndege ya uokoaji, moja baada ya jingine. Kila moja lilipogusa tope lilitikisa kichwa chake kipana, likatulia kidogo kana kwamba linanusa, kisha likajizika lenyewe mpaka mgongo wake ukapotea. Hayakuwa na macho. Yalikuwa na mikono minne mifupi yenye makucha ya mpira mgumu, ili yasimjeruhi mtu yanapomkuta, na nyuma ya kila moja ulitoka mkanda uliotema udongo kama mashine ya kusaga inavyotema unga. Watu wa Lupando walionusurika, waliokuwa wamejikusanya kwenye madarasa ya shule juu ya kilima, walitoka mvuani kuyatazama. Wengine walikuwa bado wamevaa nguo za kulalia.

Mlima ulikuwa umeshuka alfajiri. Lupando ulikuwa mji mpya, uliojengwa kwenye miteremko ya Uporoto baada ya mitambo ya joto ardhi kuanza kufua umeme wa nusu ya nchi. Barabara zake zilikuwa za kupendeza, nyumba zake zilipashwa joto kwa mvuke kutoka chini, na kila kitu ndani ya nyumba hizo kilikuwa na laini yake ndogo ya mawasiliano: mita ya maji, jokofu, kitasa cha mlango, hata vifaa ambavyo madaktari walivipandikiza ndani ya miili ya watu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu mwanzo wa mwezi. Kisha upande mzima wa mashariki, wenye mtaa ulioitwa Kanisani, ukaachia na kuteremka bondeni. Sasa palikuwa na uwanda wa tope jekundu uliofunikwa na ukungu mzito kiasi kwamba mtu aliyesimama juu yake hakuona upande wa pili.

Fuko peke yake halijui pa kuchimba. Anayeliambia ni Mwitiko, na siku ile aliyekuwa akiuendesha Mwitiko ni Mhandisi Subilaga Mwakalobo, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa mmoja wa watu watano waliouunda.

Mwitiko ulikuwa kitu rahisi kukieleza. Mnara wa simu hutuma mwito, na kifaa kinachoitwa huitika. Mwito husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo ukipima muda unaopita kati ya mwito na jibu, unajua umbali wa kifaa kutoka kwenye mnara. Mnara mmoja unakupa duara: kifaa kiko mahali fulani kwenye mzingo wake. Minara miwili inakupa sehemu mbili tu, pale maduara yanapokatana. Wa tatu unaamua ni ipi. Wa nne unahakikisha kwamba wale watatu hawajakosea. Setilaiti hazina msaada kwa mtu aliyefukiwa, maana ishara zake hufika zikiwa dhaifu mno na udongo huzimeza zote. Lakini minara ya miaka ile ilituma mawimbi mazito yaliyopenya ukuta, ardhi na tope, na kifaa kidogo kuliko kidole, kikiwa na betri, kiliweza kuitika kutoka chini sana.

Lupando ulikuwa na minara minne. Asubuhi ile miwili ilikuwa imekatika umeme. Iliyobaki ni mmoja wa mtaa wenyewe wa Kanisani, ukijiendesha kwa betri zake, na mwingine ng'ambo ya bonde.

"Miwili inatosha?" aliuliza Kamanda Luvanda, kiongozi wa kikosi, mtu mnene mwenye sauti iliyokauka kwa miaka ya kupiga kelele kwenye upepo.

"Inatosha, kwa sababu mnara wa karibu unajua pia mwelekeo ambao jibu limetokea," Subilaga alijibu. "Tatizo ni kwamba hakuna mnara mwingine wa kuikagua."

"Basi ita."

Subilaga aliita. Vifaa vingi vya nyumbani vilikuwa vimekufa au havikuwa na maana, kwa sababu jokofu haliokolewi. Aliambia Mwitiko uite vifaa vya mwilini tu. Viwili viliitika. Kimoja kilikuwa pampu ya insulini ya mzee aitwaye Ambakisye Mwasulama. Kingine kilikuwa kiongozamoyo, kile kidude kinachopandikizwa kifuani kuukumbusha moyo dhaifu mapigo yake. Mwenye nacho aliitwa Tusekile Mwaijande, mwalimu wa chekechea.

Kwenye kioo cha kishikwambi yalijitokeza maduara mawili ya kijani, karibu karibu, palepale ambapo ramani ilionesha nyumba za watu hao. Kadiri duara lilivyokuwa dogo, ndivyo Mwitiko ulivyokuwa na uhakika zaidi. Haya yalikuwa madogo, hayakuzidi upana wa kitanda. Na chini ya jina la Tusekile mstari mwembamba ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Ulikuwa moyo wake.

Kulikuwa na kanuni moja, na Subilaga ndiye aliyeiandika. Kabla ya kuchimba, ni lazima mhandisi aite kifaa ambacho anakiona kwa macho yake mwenyewe, kisha aangalie kama Mwitiko unakiweka pale kilipo. Kifaa hicho walikiita shahidi. Ni kazi ya dakika chache. Lakini ule mstari ulikuwa ukipanda na kushuka mbele yake, maduara yalikuwa madogo, ramani ilikubaliana nayo, na nyuma yake mama mmoja alikuwa akilia bila kupumzika. Subilaga aliyatuma mafuko.

*

Anyosisye Mwaijande alifika akiwa na ovaroli ya mitambo, tope limemfika kiunoni. Alikuwa zamu ya usiku kwenye kisima cha mvuke, upande wa magharibi wa mlima, na alikuwa ametembea njia yote kwa miguu baada ya barabara kukatika.

"Ni mke wangu," alisema, bila salamu. "Tusekile. Ana mashine ya moyo. Wameniambia mnaweza kuisikia."

Subilaga alisita. Hakuwahi kumwonesha ndugu wa mtu kitu kama kile. Kisha akakigeuza kishikwambi.

"Huu ndio moyo wake, kaka. Unapiga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Alikipokea kishikwambi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alitazama mstari ule kwa muda, halafu akamrudishia, akachukua koleo, akaenda kujiunga na watu waliokuwa wakiondoa udongo uliotemwa na mafuko.

Kazi iliendelea. Mvua ilipungua ikawa manyunyu, lakini ukungu haukuondoka. Mafuko yalishuka kimo cha mtu, yakapita, yakashuka kimo cha watu wawili. Kila moja lilipogonga kitu kigumu, kengele ndogo ililia na watu wote walisimama. Mara ya kwanza ilikuwa kisiki. Mara ya pili ilikuwa jiwe la msingi. Subilaga alitazama picha zinazochorwa kwa mwangwi wa sauti, ambazo mafuko yalikuwa yakimrushia kutoka chini, na kitu kikaanza kumsumbua. Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na bati, kabati, wala godoro. Nyumba haiwezi kufukiwa bila kuacha hata kijiko.

"Simamisheni," alisema.

Kamanda Luvanda alikuja mbio. "Kuna nini?"

"Nataka kuita shahidi. Nilipaswa kuita tangu mwanzo. Nipe dakika chache tu, niende kule shuleni nitafute kifaa ambacho hakijasogea."

Kabla kamanda hajajibu, sauti ya Anyosisye ilipasuka kutoka ukingoni mwa shimo.

"Geti! Jamani, hili ni geti letu!"

Alikuwa amepiga magoti, akifukua kwa mikono. Ilikuwa kweli. Chini ya vidole vyake ilionekana kona ya geti la chuma la rangi ya samawati, bado limefungwa kwenye nguzo yake, na nguzo bado imesimama ardhini.

"Nililipaka rangi mwenyewe. Yeye ndiye aliyechagua hii rangi," alisema. Akamgeukia Subilaga. "Dada, usiwasimamishe, nakuomba. Yuko hapa. Chumba chetu ni hatua chache tu kutoka getini. Yuko hapahapa."

Watu waliokuwa na makoleo walianza kuchimba tena bila kuambiwa.

"Mhandisi," kamanda alisema kwa upole, "ramani inasema hapa. Mashine yako inasema hapa. Mwenye nyumba anasema hapa. Unataka nini tena?"

Subilaga alitazama kishikwambi. Mapigo yalikuwa yamepungua kasi kidogo. Kila dakika ambayo angeitumia kwenda shuleni ingekuwa dakika ambayo mafuko yangekaa bure. Akasema, "Endeleeni."

Baadaye, alipoulizwa na tume ya uchunguzi, alisema kwamba hakuna mtu aliyemlazimisha.

*

Ilikuwa imepita adhuhuri mafuko yalipofika kwenye mwamba. Chini ya mwamba hakuna nyumba. Moja moja yalisimama, yakatikisa vichwa, yakasubiri amri. Anyosisye alikuwa ameketi kwenye rundo la udongo, akiangalia shimo lililobaki na geti lake la samawati, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa lugha anayosemeshwa.

Subilaga alipanda kilima kuelekea shuleni akikimbia, akianguka na kuinuka. Jengo la shule halikuwa limeguswa. Nyufa hazikuonekana hata moja. Kwenye ukuta wa nyuma, karibu na bomba la kunawia mikono, palikuwa na mita ya maji. Aliifuta kwa kiganja, akasoma namba yake, akaiita.

Mita iliitika mara moja. Mwitiko ukachora duara la kijani, dogo, lenye uhakika. Ulisema kwamba mita ile iko msituni, juu kabisa ya mlima, ambako hapakuwahi kujengwa kitu. Subilaga alikuwa ameishika mita ileile kwa mkono wake wa kushoto.

Aliita tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Hapo alielewa yote kwa mara moja. Mita haikuwa imehama, shule haikuwa imehama. Kilichohama ni mnara.

Aliirusha droni ndogo ya kikosi na kuiongoza mpaka mahali ambapo mnara wa Kanisani ulipaswa kuwa kwa mujibu wa kumbukumbu za Mwitiko. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na kovu la udongo mtupu, linang'aa kwa maji. Akaiteremsha droni bondeni, ndani ya ukungu, taratibu. Kwanza iliona taa nyekundu. Halafu ikaona mnara mzima, umesimama wima juu ya zege lake, kama mche uliong'olewa na udongo wake na kupandwa kwingine. Kipande kizima cha mlima kilikuwa kimeteleza kama sinia juu ya meza, kikaubeba mnara, kikazibeba nyumba, na kuacha nyuma tope na geti moja lililokuwa limesimikwa kwenye mwamba. Mnara na nyumba vilikuwa vimesafiri pamoja. Umbali kati yao haukubadilika. Kwa hiyo mnara ulipoulizwa Tusekile yuko wapi, ulijibu kweli: yuko palepale alipokuwa siku zote, umbali uleule kutoka kwangu. Haukujua kwamba wenyewe haupo tena mahali pake. Na ule wa ng'ambo haukuweza kuukosoa, maana mlima ulikuwa umeteleza kwa ubavu, na kutoka kwake umbali ulibaki karibu uleule.

"Kamanda!" Subilaga alipaza sauti kwenye redio, na wote waliomjua walishtuka, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Hamisheni mafuko! Wako chini, karibu na mto. Nakutumia mahali papya."

*

Mafuko hutembea polepole juu ya tope. Vijana wa kikosi waliyafunga kamba na kuyavuta, na watu wa mji wakaja kusaidia, wanaume kwa wanawake, wakiteleza na kuanguka pamoja na chuma kile kizito. Anyosisye alikuwa mbele ya kamba ya kwanza. Hakuuliza kwa nini wanahama. Subilaga alitembea kando yao akiutazama mstari. Ulikuwa unapanda, unakaa kimya, unapanda. Kiongozamoyo kilikuwa kinafanya kazi yake kwa uaminifu wote. Kilikuwa kinaukumbusha moyo, na moyo ulikuwa unachelewa kujibu.

Sehemu mpya ilikuwa na kila kitu ambacho ile ya kwanza haikuwa nacho. Fuko la kwanza lilipozama tu, liligonga bati. La pili liligonga ukuta. Baada ya muda mfupi mikono ya mpira ilimgusa Mzee Ambakisye, aliyekuwa amebanwa kati ya kitanda na dari iliyoanguka. Alikuwa hai. Walimtoa akiwa amefunikwa tope uso mzima, na neno lake la kwanza halikuwa juu yake mwenyewe.

"Binti wa jirani mmemtoa?" aliuliza. "Yule Tusekile? Ukuta wetu ni mmoja. Alikuwa ananiita. Anasema, baba, bado upo? Namjibu, nipo. Mimi nami namwita. Tumekaa hivyo. Halafu naona kama amechoka, hajibu tena."

Anyosisye alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo la pili, na Subilaga alikuwa amesimama nyuma yake. Fuko lilifika juu ya paa la chumba cha Tusekile. Lilianza kulikata bati.

Mstari ulipanda. Ukashuka. Kisha ukanyooka.

Subilaga aliusubiri. Kiongozamoyo kiliendelea kutuma ukumbusho, tena na tena. Alama zake ndogo zilionekana kwenye kioo, zikilingana, zikifuatana, na chini yake mstari ulibaki umelala. Wakati mafuko yalipoliinua bati na hewa ya nje ikaingia chumbani, alama zile zilikuwa bado zinakuja.

*

Kamanda Luvanda alimkuta Subilaga jioni kwenye darasa la kwanza, ameketi kwenye kiti cha watoto, anaandika ripoti. Alivuta kiti kingine kama kile akaketi, magoti yake yakamfika kifuani.

"Umemwokoa Mzee Ambakisye," alisema. "Usilisahau hilo. Bila wewe tungekuwa tunachimba pale mpaka sasa."

"Bila mimi tusingechimba pale kabisa."

Kamanda alisugua uso kwa viganja. "Andika kwamba tulichimba mahali alipotuonesha mwenye nyumba. Si uongo. Wewe ulitaka kuangalia, yeye akapiga kelele. Watu wote wamesikia."

"Alipiga kelele kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia mke wake yuko pale."

"Mhandisi, nisikilize. Ukiandika hivyo unavyotaka, kesho wakubwa watauzima Mwitiko. Na mvua hizi hazijaisha. Kuna mtu mahali fulani, Kyela huko, au Ludewa, atafukiwa wiki ijayo. Tutamtafuta na nini? Majembe? Umeliwaza hilo?"

"Nimeliwaza mchana kutwa," Subilaga alisema. "Nimeshawatumia wahandisi wa vituo vyote ujumbe. Nimewaambia wasiuamini mnara wowote uliosimama kwenye mteremko mpaka wameita shahidi. Hilo hata Mwitiko ukizimwa watakuwa wamelisoma. Lakini yule mume wa Tusekile siwezi kumwachia mzigo wangu."

Kamanda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoa watu wengi kwenye udongo kwa msaada wa mashine ile, na alijua sura zao.

"Utaachishwa kazi," alisema mwishowe.

"Huenda."

Asubuhi iliyofuata mambo yalikwenda karibu kama alivyosema kamanda. Amri ilitoka kwamba Mwitiko usitumike katika wilaya zote za milimani mpaka kila mnara utakapofungwa kifaa cha kujua wenyewe umesimama wapi. Subilaga alitakiwa kukabidhi kishikwambi na kusubiri tume. Alikikabidhi. Hakuna aliyemtuma kwenye msiba wa Tusekile. Kesho yake alikwenda kwa miguu yake.

*

Msiba uliwekwa nyumbani kwa mama yake Tusekile, katika kijiji cha chini ambacho mlima haukukifikia. Wanaume waliketi nje kwenye magogo kuzunguka moto, wamejifunika makoti. Wanawake walikuwa ndani, kwenye mikeka. Alipokuwa bado njiani Subilaga alipishana na wanawake wawili waliobeba ndoo za maji, na akamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Si huyo mume wake ndiye aliyewang'ang'ania wachimbe pale? Wale walishataka kuhama. Mama mkwe wake hataki hata kumwona machoni."

Anyosisye hakuwa kwenye moto na wenzake. Alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya ghala, bado amevaa ovaroli ileile, tope limemkaukia. Alipomwona Subilaga alijaribu kusimama kwa adabu.

"Kaa tu, kaka. Pole sana."

"Nimeshapoa, dada. Karibu."

Subilaga hakuketi. Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, na sasa yalikuwa yamemtoka yote, kwa hiyo alisema jinsi mambo yalivyokuwa. Alimweleza kuhusu mnara, jinsi ulivyoteleza pamoja na nyumba. Alimweleza kuhusu shahidi, na kwamba kanuni ile aliiandika yeye, na kwamba aliiruka asubuhi kabla Anyosisye hajafika kutoka kazini.

"Geti lako lilikuwa kweli geti lako," alisema. "Hukukosea. Lilibaki pale nyumba ilipoondoka. Ulichokiona ulikiona sawasawa. Lakini sisi tulikuwa tumeshaanza kuchimba pale kabla yako, na ni mimi niliyewapeleka. Kama ningefanya kazi yangu, ungefika ukatukuta chini kule karibu na mto."

Anyosisye alikuwa akiangalia mikono yake. Kucha zake mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Angekuwa hai?" aliuliza.

Subilaga angeweza kumwambia kwamba hajui. Madaktari wa tume wangesema hivyo baadaye, kwamba haiwezekani kujua kwa hakika.

"Naamini angekuwa hai," alisema Subilaga.

Alingoja. Alikuwa tayari kupigwa, au kutukanwa, au kufukuzwa mbele ya watu wote. Anyosisye alipumua kwa nguvu kama mtu aliyeweka chini gunia, kisha mabega yake yakaanza kutetemeka, akalia bila sauti, uso ameuinamisha kati ya magoti. Wanaume kwenye moto waligeuka wakatazama, kisha wakageuza nyuso zao. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa ovaroli.

"Sitakusamehe leo," alisema. "Sijui kesho. Usiniombe."

"Sikuja kuomba."

"Ila nenda ukamwambie mama." Alionesha mlango kwa kidevu. "Yeye anaamini kosa ni langu. Nimejaribu kuingia jana, nimejaribu leo. Mimi siwezi kumwambia, ataona najitetea. Nenda wewe ukamwambie, kama ulivyoniambia mimi."

Subilaga aliitazama nyumba. Kumwambia mwanamume huyu aliyemwona akifukua kwa mikono kulikuwa kugumu, lakini alikuwa amekutarajia. Hili hakulitarajia. Alivua viatu mlangoni, akaingia.

Chumba kilikuwa kimejaa. Mama yake Tusekile alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kitenge kimemfunika kichwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mchuma chai, na mikono hiyo ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Subilaga alipiga magoti mbele yake akampa pole, kisha akamwambia yeye ni nani.

Wanawake waliokuwa wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini walinyamaza mmoja mmoja.

Alisema yote kwa mara ya pili. Mara hii ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu mama alimsimamisha na kuuliza. Mnara unawezaje kutembea ukiwa umesimama? Kwa nini haukujua? Hiyo kanuni ni ya kazi gani kama aliyeitunga haifuati? Subilaga alijibu kila swali. Hakulipunguza makali jibu hata moja. Mama aliuliza pia kama binti yake aliumia sana, na Subilaga akamweleza maneno ya Mzee Ambakisye, jinsi walivyokuwa wakiitana ukutani.

"Alikuwa anamwuliza mzee kama yupo?" mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndivyo alivyo."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Mama yake Tusekile alikivuta kitenge nyuma, na kwa mara ya kwanza Subilaga aliuona uso wake wote. Hakumtazama Subilaga. Alimgeukia mwanamke aliyekaa karibu na mlango.

"Nendeni mkamwite Anyosisye," alisema. "Mwambieni aje ndani. Hajatia kitu tumboni tangu juzi."

Mwanamke yule alitoka. Wengine walianza kuhamisha vyombo na kubana miguu yao ili kupata nafasi. Hakuna aliyemwambia Subilaga aondoke, na hakuna aliyemwambia abaki. Alisogea mpaka ukingoni mwa mkeka, pembeni, akampisha Anyosisye.